Maswali ya wasomaji: Sanamu ya udongo ni chungu chenye sura

Toleo lililopita tulichapa picha ya sanamu ndogo ya Kifaransa ya udongo wa kuchoma: nimfa na satiri wamekumbatiana, kazi ya mchongaji Clodion. Barua zimetujia kutoka Mtwara na Lindi, na nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mbona za kwetu zinapasuka? Tumechagua nane. Wanaojibu ni wafinyanzi wa safu hii.

Shikamooni. Yule mwanamume wa kwenye picha ana miguu ya mbuzi. Huku kwetu wachongaji wa mpingo wanachonga mashetani. Je, na huyo ni shetani? Na kwa nini kitu cha udongo, tena hakina hata mng'aro, kiwekwe kwenye jumba la makumbusho New York kana kwamba ni marumaru?
*Mwanafunzi wa kidato cha tano, Mtwara mjini*

Marahaba. Si shetani, ingawa mchongaji wa kwenu angemwelewa upesi. Ni satiri, kiumbe wa hekaya za Wayunani wa kale: juu mtu, chini mbuzi, masikio ya ncha na vipembe kichwani. Hufuatana na Bacchus, mungu wa mvinyo, na kazi yake ni kunywa, kupiga filimbi na kuwakimbiza nimfa, ambao ni mabinti wa misituni na kwenye chemchemi. Kwenye ile picha hakumkimbiza mtu. Nimfa amekuja mwenyewe, na kikombe juu.

Jina kamili la Clodion ni Claude Michel. Alizaliwa Nancy mwaka 1738, akafa Paris mwaka 1814. Alipata tuzo kuu ya uchongaji mwaka 1759, akaenda Roma mwaka 1762 na kukaa huko hadi 1771. Huo ndio wakati Ulaya ilipopagawa na mambo ya kale: uchimbaji wa Herculaneum, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano, ulianza mwaka 1738, wa mwenzake Pompeii mwaka 1748, na kila tajiri alitaka nyumbani kwake kitu kinachofanana na vilivyofukuliwa. Wengi wa rika lake waliirudia kale kwa uso mkavu, sanamu imesimama wima kama askari wa gwaride. Clodion alichukua visa vilevile akavitia kicheko. Ndiyo maana wataalamu wengine husita kumweka moja kwa moja katika kundi hilo la walioirudia kale. Sisi tunamweka, ila tunakubali kwamba mguu wake mmoja umebaki kwenye zama zilizotangulia.

Kuhusu thamani: marumaru mara nyingi ilikatwa na vibarua wa karakana wakifuata vipimo vya mfano wa bwana wao. Udongo aliugusa bwana mwenyewe. Ukitazama kwa karibu nywele za nimfa wa Clodion utaona mistari ya kijiti chenye meno, na shingoni utaona mahali kidole gumba kilipopita mara moja tu na hakikurudi. Wanunuzi wa Paris walilipia kidole hicho. Hawakuziona kama rasimu za kazi nyingine. Waliziweka sebuleni kama kazi iliyokamilika. Ile ya New York, iliyoko Metropolitan, ina urefu wa sentimita 59 hivi, na ndani ni tupu kama mtungi. Neno terakota, wanaloziitia sanamu hizi, ni la Kiitaliano, na maana yake ni udongo uliopikwa, basi.

Wahariri, hamjambo. Mimi ni mfinyanzi wa vyungu na mitungi. Mjukuu wangu alifinyanga mtu aliyeketi, kimo chake kama kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole, kwa udongo uleule wa vyungu vyangu. Tulimwanika juani siku nne, tukamchoma pamoja na vyungu. Vyungu vimetoka salama. Mtu amelipuka tumbo na kichwa kimeruka. Tumekosea wapi?
*Bibi mfinyanzi, Newala*

Shikamoo bibi. Udongo wako hauna kosa, wala moto wako. Kosa limo tumboni mwa yule mtu.

Ukuta wa chungu chako hauzidi sentimita moja, nao unapumua pande mbili, ndani na nje. Mtu wa mjukuu alikuwa bonge, na tumbo lake pengine lilifika unene wa sentimita kumi. Jua la siku nne lilikausha ngozi. Kiini kilibaki na maji. Moto wa wazi, wa kuni na nyasi, hupanda kwa kasi sana ndani ya nusu saa ya kwanza. Maji yakigeuka mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo, na ndani ya bonge nafasi hiyo haipo. Watu husema ni hewa iliyofungwa ndiyo hulipua. Hewa husingiziwa. Bonge lisilo na pofu hata moja litalipuka likiwa bichi, na pofu ndani ya udongo mkavu kabisa haina madhara makubwa.

Kwa hiyo sanamu ni chungu chenye sura, na lazima itobolewe tumbo. Wafaransa walifanya hivyo, na wewe utafanya vizuri kuliko wengi kwa sababu mikono yako inajua ukuta sawa ni nini.

Anza na udongo. Chukua makopo manne ya udongo wa vyungu, ongeza kopo moja la chenga za magae: vyungu vilivyovunjika, vitwangwe kinuni, vichekechwe kwa wavu wa mbu wa dirishani. Chenga hazisinyai tena, kwa hiyo zinapunguza kusinyaa kwa mwili mzima, na zinafungua njia ya mvuke kutoka. Kama udongo wako tayari una mchanga mwingi, nusu kopo litatosha. Kwa uso na vidole, weka kando kiasi kidogo cha udongo usio na chenga, umpake juu kama ngozi nyembamba, si zaidi ya milimita tatu. Ukizidisha, ngozi itasinyaa kuliko mwili na kuchanika.

Mjukuu amfinyange mtu wake mzima, bonge kama alivyozoea. Hapo ndipo subira inapoanza. Methali inasema udongo uwahi ungali maji, lakini kwa kazi hii ukiuwahi mno sanamu italala chini. Ngoja udongo ukaze kama sabuni ya mche: kucha inaingia, kidole hakizami. Kwa hali ya Newala yenye upepo, ni siku moja au mbili, huku vidole, masikio na pua vimefunikwa kitambaa chenye unyevu ili visitangulie kukauka.

Sasa chukua waya mwembamba, umkate vipande viwili mahali ambapo mkato utajificha: chini ya mkunjo wa nguo, kiunoni penye mkanda, kwenye mstari wa nywele. Kabla ya kukata, chora mistari miwili mitatu ya wima inayovuka mahali pa mkato, ndiyo itakayokuonyesha jinsi ya kurudisha vipande bila kumpinda. Kwangua ndani kwa kijiko au kikwangulio cha waya, ukiacha ukuta wa sentimita moja na nusu kiwiliwili, sentimita moja kichwani. Mkono wenye unene usiozidi sentimita mbili na nusu uache ulivyo. Kupima ukuta, choma sindano kutoka nje mpaka uione ndani, soma kina, ziba tundu.

Kurudisha: piga chale pande zote mbili za mkato, chale za kukatizana, kina cha milimita mbili. Paka uji wa udongo uliotengenezwa kwa udongo uleule, si mwingine, bandika, sukuma na kutikisa kidogo mpaka uji utokee pembeni na vipande vikatae kuteleza. Kisha sokota uzi mwembamba wa udongo, ukandamize juu ya kiungo, usawazishe. Viungo vingi vinavyofunguka motoni vilibandikwa kwa maji matupu, au kipande kimoja kilikuwa kimekauka kuliko kingine. Mwishowe toboa tundu chini ya kitako, kidole kipite, na kila uvungu uliofungwa, kichwa kwa mfano, uwe na njia ya kufika kwenye tundu hilo.

Kuanika: siku za kwanza kivulini, mbali na upepo, juu ya mchanga mkavu uliotandazwa. Kitako kinaposinyaa kinahitaji kuteleza. Kikishikamana na ubao kitapasuka katikati. Wiki mbili hadi tatu si nyingi. Wakati wa masika hewa ya huku haimalizi kukausha hata ungoje mwezi, kwa hiyo malizia darini juu ya jiko. Vipimo viwili vya ukavu: weka sanamu shavuni, ukisikia ubaridi bado kuna maji, na ukipata mzani wa dukani, pima kila asubuhi, uzito ukiacha kupungua siku mbili mfululizo, tayari.

Kuchoma kwa moto wa wazi kunawezekana. Mtie mtu ndani ya chungu kikubwa kilichokwisha kuchomwa, mzungushie magae, funika mdomo kwa gae lenye mwanya. Washa moto mdogo wa duara, umbali wa hatua moja kutoka kwenye chungu, uuache hivyo saa tatu. Shikilia kipande cha kioo juu ya mwanya: kikipata ukungu, maji bado yanatoka, usisogeze moto. Kioo kikibaki kikavu, sogeza makaa kidogo kidogo kwa saa mbili nyingine, ndipo ufunike kwa kuni na uuache moto uwake kama unavyochoma vyungu siku zote. Usifukue mpaka kesho yake.

Na tafadhali, maganda ya korosho yasitumike hata kama yamejaa uani. Mafuta yake huwaka ghafla na kupandisha joto wakati usiotakiwa, na moshi wake unachoma macho na ngozi.

Nilijenga tanuri dogo la matofali na sasa nachoma hadi rangi ya chungwa. Sanamu zinatoka nzuri, lakini baada ya siku kumi zinatoa vidonda: gamba dogo linaruka, na ndani ya shimo kuna nukta nyeupe. Udongo nautoa karibu na pwani. Vyungu vya mama kwa udongo huohuo havina shida hii.
*Kijana wa Kilwa Masoko*

Umeeleza vizuri mpaka jibu liko ndani ya swali. Ile nukta nyeupe ni chokaa.

Udongo wa pwani una vipande vya kombe na matumbawe. Mtu wa Kilwa hahitaji kuelezwa habari za chokaa, magofu ya Kisiwani yamejengwa kwayo: unachoma tumbawe, unapata jiwe jepesi, unalimwagia maji linafura, linachemka na kuvunjika unga. Ndani ya sanamu yako kunatokea hayohayo kwa polepole. Kwenye joto la kuanzia nyuzi 800 hivi kipande cha kombe kinageuka chokaa hai. Sanamu ikitoka tanurini, kipande hicho kinaanza kunywa unyevu wa hewa ya bahari, kinavimba, na kinasukuma gamba lililo juu yake. Vyungu vya mama vinachomwa kwenye moto ambao kwa sehemu kubwa haufiki huko, kwa hiyo kombe ndani yake limebaki kombe. Tanuri lako ni bora kuliko moto wake, na ndilo lililoleta ugonjwa.

Pima kwanza. Tia siki juu ya udongo mkavu uliosagika: ukitoa povu, chokaa ipo. Kisha chagua. Njia ya bei rahisi ni kushusha moto, ukomee rangi nyekundu iliyofifia, usifike nyekundu inayong'aa. Utapata sanamu laini kiasi lakini salama. Njia bora ni kuchuja: loweka udongo siku tatu uwe uji mwepesi, upitishe kwenye kitambaa cha kuchujia tui, uache utuame, mwaga maji ya juu, kisha mimina uji kwenye kanga kuukuu iliyotundikwa mpaka uweze kukandika. Chokaa iliyo laini kama vumbi haina madhara, kwani imesambaa na haina nguvu ya kusukuma. Inachofanya ni kuupauza udongo, wekundu ukaelekea waridi.

Kwa sanamu ulizokwisha kufinyanga kwa udongo usiochujwa, watengenezaji matofali wana ujanja wao: zitumbukize kwenye maji baridi mara zinapotoka tanurini zikiwa na uvuguvugu, zikae saa kadhaa. Chokaa inalainika papo hapo kabla haijapata muda wa kufura polepole. Husaidia kwa vipande vidogo. Kwa kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi, hakuna dawa.

Ukiona pia ukungu mweupe kwenye ncha za pua na vidole, huo ni ugonjwa mwingine: chumvi. Udongo wa kando ya mikoko unao, na kukandia kwa maji ya kisima cha chumvi kunauongeza. Chumvi husafiri na maji na kubaki pale yanapokaukia kwanza. Ukandie kwa maji ya mvua.

Nachonga mpingo miaka mingi, sasa nataka kuandaa mifano kwa udongo kabla ya kugusa gogo. Kila nikiinua mkono wa sanamu unaanguka. Nitie waya ndani?
*Fundi, Mtwara*

Kama mfano hautachomwa, fundi, tia waya utakavyo. Kama utachomwa, usitie. Udongo ukikauka unasinyaa, waya hausinyai, kwa hiyo mkono utachanika juu ya waya kama soksi inayobana. Ukinusurika hapo, motoni chuma kitatanuka na kumaliza kazi.

Mkono wa kuinuliwa unashikiliwa kutoka nje. Tengeneza vijiti vya udongo uleule, uvisimamishe kama miti ya kuegemeza mgomba, weka karatasi kati ya kijiti na mkono visigandane. Vijiti vitasinyaa pamoja na sanamu. Ikishakauka, viondoe; udongo wa kawaida ukichomwa hadi nyuzi 900 au 950 haulegei tena, hivyo tanurini havihitajiki.

Lakini zaidi ya vijiti, tazama Clodion alivyopanga miili. Mkono unaotoka unarudi: unagusa bega la mwenzake, au unaegemea kisiki, au umeshika nguo inayoshuka mpaka chini. Kile kisiki cha mti kando ya mguu si pambo la porini. Ni nguzo. Wewe uliyezoea mpingo unaanza na gogo na kila kiungo kimeshafungwa ndani yake, ndiyo maana sanamu za ujamaa, watu wamepandana kama mnara, hazina mkono unaoelea. Udongo unakupa uhuru wa kutoka nje, halafu unakudai nguzo.

Kwa kitu kikubwa hata nguzo haitoshi. Diana, mungu wa uwindaji, wa mchongaji Mfaransa Houdon, aliye kwenye makumbusho ya Frick, New York, ni mwanamke wa kimo cha mtu mzima anayekimbia, wote udongo wa kuchoma. Ni mtupu ndani, na ameunganishwa kwa vipande. Hesabu ya kusinyaa ndiyo inayoamua kama vipande vitakutana: chukua ufito wa udongo wako, chora juu yake mstari wa sentimita 10 kamili, ukaushe, uchome, upime tena. Ukipata 9, unasinyaa kwa asilimia 10, na sanamu unayotaka iwe sentimita 40 ifinyangwe sentimita 44 na nusu hivi. Wengi huongeza asilimia 10 juu ya 40 wakapata 44, kisha wanashangaa imetoka fupi. Gawa kwa 0.9.

Nafundisha sanaa sekondari. Wazazi hawatafurahi nikileta picha za nimfa walio uchi darasani. Kuna njia nyingine ya kufundisha kazi hizi?
*Mwalimu, Masasi*

Ipo, mwalimu, na kwa kujifunza ufundi ni bora kuliko nimfa. Clodion alitengeneza pia Vestali, mabikira wa Roma ya kale waliolinda moto mtakatifu. Wamevaa kuanzia kichwani hadi vidoleni, na nguo ndiyo somo lenyewe.

Wanafunzi wafinyange mwili rahisi kwanza, kama pipa lenye shingo, urefu wa sentimita 20. Kisha wasukume udongo kwa chupa juu ya kitambaa mpaka uwe bapa la milimita nne, wakate, walivike mwili likiwa bado linakunjika bila kukatika. Mkunjo uanzie mahali panaposhikilia nguo, begani, kiwikoni, gotini, na ufe njiani. Mikunjo inayoanzia popote hufanya sanamu ionekane imefungwa kamba. Ndani ya kila mkunjo mnene wasukume kwa nyuma kwa kijiti uwe mtupu. Wakati wa kutazama mifano, waambie wasimame sokoni dakika tano wakimtazama mama aliyejifunga kanga mbili na mtoto mgongoni. Ni kanuni zilezile.

Vipindi viwili vya dakika 80 vinatosha, mradi kati yake kazi zifunikwe kitambaa chenye unyevu na plastiki juu. Na vumbi la udongo mkavu lifutwe kwa kitambaa kilicholowa, lisifagiliwe; si zuri kwa mapafu ya watoto.

Kikundi chetu kinataka kutoa sanamu moja mara nyingi kwa ajili ya kuuza. Tumesikia Wafaransa walitumia kalibu za jasi. Unga wa jipsamu wa dukani unafaa?
*Vijana, Nachingwea*

Unafaa ukipata wa aina yake. Ule wa kumiminia mikanda ya dari unashika ndani ya nusu saa na kupata joto. Ule wa kuziba maungio ya mbao za dari una gundi na hautawafaa. Changanya kikombe kidogo mjue. Jasi yenyewe huchimbwa hata Kilwa, na jina lake mashuhuri, plasta ya Paris, limetokana na jasi ya kilima cha Montmartre. Karakana za Paris zilikuwa nayo mlangoni.

Vipimo: kilo moja ya unga kwa mililita 700 za maji. Unga unyunyizwe kwenye maji, si maji kumwagwa kwenye unga. Ngoja dakika mbili unywe, koroga taratibu kwa mkono chini ya uso wa maji bila kuingiza mapovu, mimina ikiwa nzito kama mtindi. Ukuta wa kalibu uwe sentimita tatu.

Kazi ngumu ni kugawa. Kila mahali ambapo jasi itanasa, nyuma ya sikio, chini ya kwapa, kati ya miguu, panahitaji kipande chake. Kichwa cha satiri, kwa mfano: pembe zikatwe na zitengenezewe kalibu yake, uso uwe kipande kimoja, kisogo kipande cha pili. Mkishindwa kuondoa kipande bila kukivuta kwa nguvu, gawanyeni tena. Jasi juu ya udongo mbichi haihitaji kitu, lakini jasi juu ya jasi itagandamana milele msipopaka sabuni ya mche iliyochemshwa, mara tatu, mkifuta kila mara. Kalibu zikauke kivulini wiki nzima, kamwe zisiwekwe kando ya moto, maana joto linaivunja jasi ikawa unga.

Kisha kandamizeni udongo ndani kwa vidole, unene wa milimita nane hadi kumi, mkianzia katikati kuelekea pembeni. Chale, uji, funga, fungeni kwa kamba ya mpira wa baiskeli. Baada ya saa moja au mbili jasi imenyonya maji na udongo unajiachia. Sehemu ambayo kila kikundi huiharakisha ndiyo inayofuata: kukwangua mshono na kuchonga upya nywele, macho na pembe za midomo kwa kijiti. Sanamu isiyoguswa baada ya kalibu ina sura ya sabuni iliyotumika. Chembe ya jasi isiingie kwenye udongo. Itarusha gamba kama ile chokaa ya Kilwa.

Kuna mtu ananiuzia sanamu ya udongo yenye jina CLODION. Nitajuaje?
*Msomaji, Mikindani*

Chukulia ni nakala. Kazi za Clodion zilinakiliwa kwa wingi katika karne ya 19, na hata enzi zake ndugu zake walifanya naye kazi karakanani. Kwangua kidogo chini ya kitako: kukiwa na weupe, ni jasi iliyopakwa rangi. Kisha tazama jina kwa kioo cha kukuzia. Herufi iliyokwaruzwa kwenye udongo mbichi ina ukingo ulioinuka kama mfereji uliolimwa kwa jembe. Iliyotoka kwenye kalibu ina ukingo butu. Ukingo mkali bado si ushahidi, kwani yeyote anaweza kuandika jina. Maabara zinaweza kupima udongo ulichomwa lini kwa mwanga unaotolewa na chembe zake zikipashwa joto, ila kipimo hicho kinagharimu na kinahitaji kutoboa. Ukiipenda, inunue kwa bei ya pambo.

Nikishachoma, nipake vanishi?
*Msomaji, Lindi*

Hapana. Vanishi hujaza mistari ya kijiti, na kwa unyevu wa Lindi inabambuka. Wafaransa nao walisawazisha rangi baada ya kuchoma, lakini kwa maji mepesi yenye rangi. Saga udongo mwekundu uliochomwa mpaka uwe unga wa poda, kijiko kimoja cha chai, maji nusu kikombe, matone kumi ya gundi nyeupe ya mbao. Paka kwa brashi laini, futa papo hapo kwa kitambaa kikavu ili rangi ibaki kwenye mabonde tu. Doa jeusi la moshi haliondoki kwa rangi. Irudishe sanamu motoni penye hewa ya kutosha, bila moshi, na doa litaungua lenyewe.